Nusu ya Tofali Ndani ya Bomba

Nilipaswa kukataa. Kogo, bibi yangu aliyemzaa baba, aliponiita nyuma ya nyumba ya jikoni na kuniambia, "Wewe ndiye unajua tumbo la hicho kitu. Kizibe kidogo," nilipaswa kumwambia hapana. Nilikuwa mtoto wa darasa la sita tu, lakini kazi ya bomba la moshi niliijua kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Nilisema, "Sawa, Kogo." Kisha nikachukua nusu ya tofali nikalisukuma ndani, mahali ambapo hakuna mwingine angelifikia wala kuliona.

Siku hizi mimi ndiye mzee wa boma, na magoti yangu hujua mvua kabla haijaanza. Mwezi uliopita mke wa mwanangu aliniomba nifuatane naye hadi soko la Sosiot nimsaidie kuchagua jiko la kuni, maana wanajenga jikoni mpya na ana mtoto mchanga. Nilikuwa nimeinama nikipima mdomo wa jiko moja kwa vidole, ndipo ikanijia harufu iliyonifanya ninyooke ghafla. Karibu nasi alikuwa ameketi mama mmoja aliyeuza mahindi ya mbegu, yale ya kuning'inizwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi.

"Baba, umeumia mgongo?" mke wa mwanangu akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Haukuwa mgongo.

Ninyi wa rika langu mnaijua jikoni ya namna ile bila kuelezwa. Nyumba ya mviringo, paa la nyasi, mafiga matatu katikati, na juu yake dari ya fito ambako kila kitu cha maana kiliwekwa: kuni za akiba, vibuyu vya maziwa, kikapu cha wimbi, na mahindi ya mbegu. Moshi haukuwa na njia nyingine ila kupanda darini, kuzunguka huko, kisha kupenya polepole kwenye nyasi. Asubuhi ukisimama kwenye shamba letu la majani chai na kutazama mteremko wa pili, kila paa lilikuwa linafuka kama ng'ombe aliyetoka kunyeshewa. Tukisema boma fulani lina watu, tulimaanisha tumeuona moshi wake.

Kogo alilala humo jikoni, na dada yangu Chebet alilala naye. Chebet alikuwa na miaka sita, mwembamba, mwenye maneno mengi, na alikuwa anakohoa. Alikohoa tangu ninavyomkumbuka. Kikianza kifua chake, kilipiga mluzi mdogo kama birika linalokaribia kuchemka, na Kogo alishusha kibuyu cha asali akampa kijiko kimoja. Mimi sikupewa. Kwa hiyo nilikuwa na maelezo yangu ya kitoto kuhusu kikohozi hicho: niliamini Chebet anakohoa kwa sababu ya asali. Nilimchunguza. Akikohoa, analetewa kijiko, akilamba, ananyamaza. Ushahidi ulinitosha kabisa. Siku moja nilijaribu na mimi, nikakohoa hadi macho yakatoka machozi.

"Wewe kanywe maji," Kogo akasema, bila hata kugeuka.

Mwaka huo, shule zilipokaribia kufungwa kwa likizo ndefu, mama alimpeleka Chebet zahanati kwa mara ya tatu katika muhula mmoja. Daktari hakumpa sindano. Alimwambia mama, "Mimi nitatoa dawa mpaka nichoke. Huyu mtoto mtoeni kwenye moshi."

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Jumamosi hiyo aliposikia maneno ya daktari, alimaliza chai yake yote. Kisha akasema, "Nitampeleka kwa senge yake, Mulot. Kule ni kukavu, na dada yangu anapikia nje. Ataanzia darasa la kwanza hukohuko."

Senge ni shangazi, dada ya baba. Mulot ni huko kuelekea Narok, nchi ya ngano na ng'ombe, na kwetu sisi watoto ilikuwa mbali kama mwezi.

"Mtoto wangu hatalelewa na mtu mwingine kwa sababu ya moshi," mama akasema. "Nipe likizo hii. Nitaleta jiko lisilotoa moshi. Shule zikifunguliwa na bado anakohoa, mchukue, sitasema kitu."

"Mpaka shule zifunguliwe," baba akasema. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikimenya viazi, nikasikia yote. Sharti hilo nililijua. Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikulijua.

Mama hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kukitazama tu. Siku ya soko tulishuka naye Sosiot, na fundi mmoja akatuonyesha jiko la bati lililong'aa kama sarafu mpya. Lilikuwa na mdomo mpana, miguu mitatu na maua yaliyochongwa pembeni. Nililipenda papo hapo. Mama aliligonga kwa ukucha. Ukatoka mlio wa kopo.

"Moshi wake unatokea wapi?" akamuuliza fundi.

"Mama, hii haina moshi. Hii ni ya kisasa."

"Kuni zikiwa mbichi?"

"Utatafuta kavu."

"Na moshi utatokea wapi?"

Fundi akacheka, akamgeukia mteja mwingine. Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua nyanya karibu nasi aliingilia. Alikuwa Mama Kerubo, mtu wa Kisii, ambaye mume wake alikuja kufanya kazi ya majani chai, na sasa walikuwa wanaishi ng'ambo ya mto wetu. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima hadi mlima, na alikuwa amefundishwa kujenga majiko ya udongo na kikundi cha akina mama.

"Wacha hiyo," akamwambia mama. "Hiyo bati ni nyembamba. Mwaka moja tu, itakuwa na mashimo kama chandarua. Halafu mdomo ni mkubwa, itakula kuni zako zote na za jirani. Wewe kuja kwangu kesho. Usiniamini mimi. Kuja na kitambaa nyeupe."

Tulikwenda, na mama akabeba leso yake nyeupe ya kanisani. Mama Kerubo aliitundika kwenye kamba juu ya jiko lake, akabandika sufuria ya maharagwe, akawasha. Tulikaa humo hadi maharagwe yakaiva, wao wakizungumza habari za ng'ombe na watoto, mimi nikitazama leso. Ilibaki nyeupe. Mama aliishusha, akainusa, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza upande wa pili. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya mbele ya mgeni. Aliufunika uso wake kwa ile leso, na mabega yake yakatikisika. Mimi nilifikiri amekasirika. Nilikuwa nimezoea kumwona mama akilia jikoni kila siku kwa sababu ya moshi, kwa hiyo kilio kisicho na moshi sikukitambua.

Jiko letu lilijengwa kwa siku mbili. Mama Kerubo alikuja na chungu cha ndani cha udongo uliochomwa, tukakanyaga udongo wa kichuguu pamoja na mavi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, akaliumba likiegemea ukuta kwa mikono yake mwenyewe kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Bomba lilipita ukutani na kupanda nje, mbali na nyasi za paa, likiwa na kofia ya bati juu yake kuzuia mvua. Chini ya bomba, kwa ndani, aliacha kidirisha kinachozibwa kwa tofali, cha kusafishia masizi. Malipo yake yalikuwa jogoo mmoja na palizi ya siku mbili ambayo mama alimfanyia.

"Sasa nani ndiye mwenye hii jiko?" akauliza alipomaliza. Mama akasema ni yeye. "Hapana. Wewe ni wa kupika. Nataka mtu wa kuichunga." Akanielekezea kidole chenye udongo. "Wewe kijana. Kuja hapa."

Alinifundisha kwa kunitania. Kuni zipasuliwe nyembamba kama kifundo cha mkono wangu, zipangwe chini ya ukingo wa paa hadi zilie zikigonganishwa. Mbili au tatu tu kwa wakati mmoja, zisizibe mdomo, maana moto nao unataka kupumua. Matawi ya majani chai yaliyopogolewa ni mazuri sana, lakini yakae miezi juani kwanza. Majivu yatolewe kila asubuhi. Ufa ukitokea, upakwe udongo siku hiyohiyo. Na kila Jumamosi nifungue kidirisha, niingize mkono hadi begani, nikwangue bomba kwa fimbo iliyofungwa katani.

"Ukiweka kuni mbichi," akasema, "hapo unapika moshi, hupiki chai. Na utakuja kuniambia eti jiko ya Mama Kerubo ni mbaya. Nitakuchapa."

"Nimesikia, mama."

"Rudia."

Nikarudia yote. Akanipa mkono kama mtu mzima. Hadi leo nikifikiria mara ya kwanza nilipoaminiwa na mtu kwa kazi ya kweli, naona mkono ule mnene wenye udongo.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa za ajabu. Mlango wa jikoni ulifungwa mvua ikinyesha, na bado tuliweza kuonana usoni. Mama alianza kuimba akipika, kwa sababu sasa angeweza kuvuta pumzi kati ya mstari na mstari. Kuni za siku moja zilitosha siku mbili. Jirani mmoja alipita akauliza kama tuko salama, maana hakuona paa letu likifuka tangu Jumapili, akadhani tumelala njaa. Mama alicheka hadi akakaa chini. Na Chebet alinyamaza. Mluzi ule ulipungua, ukawa wa asubuhi tu, kisha ukawa haupo. Mimi nilitembea pale nyumbani kifua mbele. Kila Jumamosi nilitoka kwenye kidirisha nikiwa mweusi hadi kwapani, na Chebet alinikimbia akipiga kelele kwamba zimwi limekuja.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Kogo alikuwa na mahindi yake darini, mahindi ya rangi, mekundu na meusi na meupe kwenye gunzi moja, mbegu ambayo babu aliipanda na ambayo yeye alikuwa ameitunza tangu babu alipofariki. Kila mwaka alichagua mahindi mazuri, akayafunga mawili mawili kwa maganda, akayaning'iniza juu ya moto. Moshi uliyakausha na kuwafukuza fukusi. Sasa moshi ulikuwa unatoka nje kupitia bomba.

Siku ile aliponiita nyuma ya jikoni, alinionyesha hindi moja. Aliligonga kwenye kiganja chake, unga ukamwagika, na ndani ya unga vidudu vyeusi vinatembea.

"Umeona?" akasema. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa amekasirika. "Zitakufa zote kabla ya kupanda. Mama yako ni mtu mzuri, sitaki kugombana naye, ameshinda akilihangaikia hili jiko. Siku tatu tu, lakwet. Moshi upande siku tatu, hawa wafe, halafu ufungue."

Lakwet ni mtoto. Lakini hakuniomba kama mtoto. Aliniomba kama ambavyo angemwomba babu, na nadhani hicho ndicho kilichonishinda.

"Na Chebet?" nikauliza. Niliuliza. Hilo nalo nalikumbuka.

"Chebet amepona. Tutamtoa acheze nje."

Na akili yangu ilimalizia palipobaki. Nilikuwa na hakika kwamba moshi wa darini hukaa darini. Niliona kwa macho yangu ukipanda. Sikuwahi kuuona ukishuka. Tena niliamini kuhusu Mulot kwamba jambo hilo limekwisha. Mama aliahidi jiko, jiko limejengwa. Sikuelewa kwamba baba hakuwa anangoja jiko. Alikuwa anangoja kifua cha Chebet. Basi nikachukua nusu ya tofali lililobaki kwenye ujenzi, nikafungua kidirisha, nikalisimamisha kwenye koo la bomba, nikafunga.

Mama alikuwa akitoka alfajiri kuchuma majani chai na kurudi mchana kutoka kituo cha kuuzia. Aliporudi siku ya kwanza alinusa. "Mbona humu kuna moshi?" Kogo akasema kuni zilinyeshewa. Siku ya tatu nilikwenda kulitoa lile tofali, Kogo akanionyesha hindi jingine, bado linatoa unga. "Siku mbili zaidi," akasema. Baada ya hizo mbili hakuna aliyehesabu tena. Kogo hakulitaja, nami sikulitaja. Ilikuwa rahisi kuacha kitu kilivyo kuliko kukifungua na kuulizwa kilifungwa na nani.

Mvua zilikuwa zinaanza saa nane mchana kama kawaida ya kwetu. Mvua ikinyesha, Chebet hawezi kucheza nje. Aliingia jikoni, akaketi kwenye kigoda chake karibu na moto, na mluzi ukarudi. Mwanzoni Kogo alishusha asali, nami nikawaza, haya, ameanza tena.

Mama alipeleka habari ng'ambo ya mto. Nilijua Mama Kerubo atakuja Jumatano, kwa hiyo Jumanne jioni nilifungua kidirisha na kulitoa tofali, nikalificha chini ya magunia. Mama Kerubo akaja, akawasha moto mwenyewe. Jiko likavuta kwa nguvu hadi moto ukanguruma. Alitoka nje akatazama bomba, akarudi, akaweka kiganja juu ya mdomo wa jiko.

"Hii jiko haina ugonjwa," akamwambia mama. "Inavuta kushinda hata yangu. Mnaweka kuni gani?"

"Ni kavu. Huyu ndiye anazipanga."

Mama Kerubo alinitazama. Alichukua kuni mbili kutoka kwenye rundo langu akazigonganisha, zikalia vizuri. Akanitazama tena, muda mrefu zaidi.

"Kijana, wewe ndiye unalala na hii jiko na kuamka nayo. Shida iko wapi?"

Mama alikuwa amesimama pale ameshika ncha ya kanga yake. Kogo alikuwa anasukasuka kibuyu, na mkono wake ukasimama. Neno moja tu la kweli lingetosha. Nikasema, "Sijui, mama."

"Haya," akasema Mama Kerubo taratibu. "Kama hata wewe hujui."

Alipoondoka, Kogo alinitazama, nami nikalirudisha tofali. Ndiyo, nililirudisha. Hakuniambia kwa mdomo. Nilidhani nikiliacha nje, moshi ukakoma kabisa siku ileile, watajua.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mvua ikinyesha sana, Chebet alishindwa kupata pumzi. Mdomo wake ulikuwa wa rangi ya majivu, na mabega yalikuwa yanapanda na kushuka kama ya mtu anayechota maji kwenye kisima kirefu. Mama alimfunga mgongoni na kukimbia naye kwenye matope hadi zahanati. Mimi nilibaki mlangoni. Hapo ndipo nilielewa kwamba hakuwa anakohoa kwa ajili ya asali. Niliingia, nikafungua kidirisha huku moto ukiwaka, nikaungua mkono, nikalitoa tofali na kulitupa katikati ya majani chai. Kogo alikuwa amekaa kitandani kwake akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, na humo ndani moshi ulikuwa tayari umeanza kupungua.

Chebet alirudi baada ya siku mbili. Alikuwa hai, alikuwa anataka uji, na alikuwa ameanza kubishana na kila mtu. Baba alikuja siku hiyohiyo ingawa haikuwa Jumamosi. Hakumlaumu mama. Alisema tu, "Tulikubaliana."

Mama alisema, "Leo halitoi moshi. Njoo uone, leo halitoi hata kidogo."

"Na kesho?"

Mama akageuka kulitazama bomba. Hilo ndilo jambo linaloniuma zaidi ninapolikumbuka. Kama jiko lingekuwa bovu, lingetengenezwa. Lakini hili lilikuwa zima siku moja na bovu siku nyingine bila sababu, na hakuna mzazi anayeweza kumlaza mtoto mwenye kifua kando ya kitu asichokielewa. Sababu nilikuwa nayo mimi. Ningesema tu, baba angecheka au angenichapa, na Chebet angelala nyumbani.

Siku ya kuondoka, Chebet alivaa sweta jipya la shule lililomfika magotini. Baba alibeba sanduku. Tuliwasindikiza hadi barabarani, na Chebet alikuwa mchangamfu, maana aliambiwa senge ana ndama. Aliniita pembeni.

"Wewe si ndiye mwenye jiko?"

"Ndiyo."

"Basi liambie lipone haraka. Likipona nitarudi."

Nilimwambia nitaliambia. Lilikuwa limepona siku tano.

Yaliyofuata yalikuwa mema kuliko nilivyostahili. Mama Kerubo alikuja kumpa mama pole, na Kogo, labda kwa kutaka kutubu kwa njia fulani, akamwonyesha hindi lenye fukusi. Mama Kerubo alilia kwa kicheko na hasira. "Kogo! Si ungeniuliza? Pukuchua, changanya na majivu ya jiko, weka kwa mtungi, ziba. Hao wadudu hawapendi majivu." Majivu! Nilikuwa natupa ndoo nzima kila asubuhi. Mbegu ya babu ikapona, ikapandwa, na mahindi ya rangi bado yanaota kwetu hadi leo. Jiko nalo halikutoa moshi tena. Nililichunga miaka yote hadi nilipokwenda sekondari: nilipaka nyufa, nilikwangua bomba, nilibadilisha kofia iliposhika kutu. Macho ya mama yaliacha kuwasha na kutoa machozi. Majirani saba walijengewa majiko kama lile, na mengine nilisaidia kuyajenga mimi mwenyewe.

Baada ya mwaka mama alikwenda Mulot kumrudisha Chebet. Alikuta msichana mnene kidogo, anayekimbia na ndama, asiyekohoa, wa pili darasani. Alirudi peke yake. "Nitamtoa huko nimlete kwa jiko nisiloliamini?" akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Nilimwambia mama ukweli nikiwa kidato cha pili. Kogo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na siku zake za mwisho aliniambia, "Lile kosa lilikuwa langu, liache," lakini sikuweza kuliacha, kwa sababu mkono uliokuwa ndani ya bomba haukuwa wake. Mama alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika upawa. Nilingoja anipige. Alisema, "Miaka yote hii nilidhani nilichagua vibaya." Kisha akatoka nje akakaa kwenye majani chai hadi jua lilipotua. Kesho yake alinisalimia kama kawaida, na hakulitaja tena. Nilisamehewa hivyo. Alikwenda Mulot wiki hiyohiyo, lakini Chebet alikuwa tayari anamwita senge mama, na alipoulizwa kama anataka kurudi nyumbani, aliuliza kwa adabu, "Nyumbani wapi?"

Sokoni nilimchagulia mke wa mwanangu jiko la chungu kinene, mdomo mdogo, bomba refu. Tumelijenga Jumamosi iliyopita. Nimemwambia kila kitu ninachokijua, na nimewaambia watoto wote wa boma kwamba mwenye kukosea katika hilo jiko aje aniambie siku hiyohiyo, hatachapwa na mtu. Mjukuu wangu mchanga analala jikoni mchana, kifua chake kimya kabisa, na mimi hukaa karibu naye kumsikiliza tu.

Chebet yuko hai. Ana watoto wanne na sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lao, na nilipomweleza habari hii alinisamehe kabla sijamaliza. Alisema amekuwa na maisha mazuri, na najua ni kweli. Lakini hakuna siku tuliyokwenda naye shule. Sijui alipoteza meno gani lini, aliogopa nini, alicheka na nani. Hunisalimia kwa heshima kama mzee wa kanisa, hunipigia Krismasi na Pasaka, na tukikaa pamoja maneno hutuishia kabla ya chai kupoa. Nilikuwa na dada mmoja, na kwa kukubali pale nilipoombwa kukosea, kisha kunyamaza, nilimpoteza akiwa na miaka sita. Hakurudi kuwa dada yangu tena.